Bei ya Ndege wa Risasi

   

Leo nina filamu ngumu kuuzika. Haina rangi. Haina helikopta, haina karate, haina gari linaloruka daraja likatua ng'ambo. Watu wake wamevaa kofia na makoti, wanakaa vyumbani, wanavuta sigara na kuongea. Wanaongea karibu dakika mia moja, na Kiingereza chao kinakwenda mbio hata aliyesoma Kampala ataomba irudishwe nyuma. Ilitoka Marekani mwezi wa Oktoba 1941, mwaka uleule askari wa Kongo wa Force Publique walipowashinda Waitalia kule Saïo, Ethiopia. Jina lake ni *The Maltese Falcon*, kipanga wa Malta.

Najua vidio zetu. Kijana anayeandika ubao wa chaki nje ya mlango hawezi kuandika filamu kama hii kisha akajaza mabenchi. Hata wale mafundi wa kutafsiri, Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, ambao wanaweza kuifanya filamu ya Kichina ionekane kama imepigwa mtaani kwetu, hapa wangetoka jasho, maana hakuna pahali pa kupumua. Kila mtu mle ndani ana la kusema, na analolisema si kweli.

Hata hivyo naamini hakuna mji duniani unaofaa kuitazama filamu hii kuliko mji wetu wa machimbo, Rubaya. Wazungu wameandika vitabu juu yake, wakasifu taa zake na vivuli vyake, wakasema ndiyo mlango wa filamu zote za uhalifu zilizofuata. Sawa. Lakini kazi inayofanyika ndani yake wanaijua watu wa Rubaya. Ile ni filamu ya kupatana bei. Kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, kila tukio ni watu wawili au watatu wanauliziana: mzigo uko wapi, wewe ni wa nani, unatoa ngapi? Ukiitazama kwa kutaka kujua nani aliua, utasinzia. Itazame kama unavyosimama pembeni mchimbaji na negosian, mnunuzi wa mawe, wakivutana juu ya kiroba kimoja, na hutageuza shingo.

Basi tuingie. Tuko San Francisco, mji wa bandari upande wa magharibi wa Marekani. Kuna ofisi ya wapelelezi wawili wa kukodiwa, Sam Spade na Miles Archer. Anaingia mwanamke mrembo, amevaa kwa heshima, sauti inakatikakatika. Jina lake, anasema, ni Wonderly. Mdogo wake ametoroka na mwanaume mbaya aitwaye Thursby, naye anatafuta mtu wa kumfuata huyo bwana usiku. Anaweka mezani noti mbili za dola mia. Archer anaidaka kazi haraka, maana macho yake yamekwisha kunasa kwa yule mama. Usiku huohuo Archer anapigwa risasi gizani, na kabla ya asubuhi Thursby naye ni maiti.

Polisi wanamshuku Spade, na wana sababu: Spade alikuwa na uhusiano na mke wa Archer. Ndiyo, ndugu zangu, huyu ndiye shujaa wetu. Msije mkatafuta mtu safi humu.

Baadaye mwanamke anakiri kwamba hana mdogo yeyote, na jina lake halisi ni Brigid O'Shaughnessy. Spade hashtuki. Anamwambia kwamba yeye na marehemu hawakuiamini hadithi ile hata kidogo, waliamini zile dola mia mbili. Malipo yalikuwa makubwa kuliko kazi, na ile ziada ndiyo iliyowaambia kuna jambo. Nani hapa hajawahi kukutana na mnunuzi asiyebishana bei? Ukiona hivyo unafunga kiroba chako na kuuliza maswali.

Halafu anakuja Joel Cairo, bwana mdogo mwenye kucha safi na kadi inayonukia marashi, ameigizwa na Peter Lorre, aliyezaliwa katika dola ya Austria na Hungaria na baadaye akawakimbia Wanazi. Cairo anatoa dola 5,000 kwa sanamu ya ndege mweusi. Kisha anachomoa bastola ili aipekue ofisi. Spade anamnyang'anya, anampiga, anampekua yeye. Bwana akizinduka wanazungumza biashara kwa adabu, wanaelewana, anaomba arudishiwe bastola yake. Anarudishiwa. Anaishika na kumwelekezea Spade tena, kwa sababu bado anataka kuipekua ile ofisi. Spade anaangua kicheko, na mimi humfuata kila mara.

Sasa twende kwa mnunuzi mkubwa. Anaitwa Gutman, ni mnene kama gunia lililoshonwa kwa nguvu, na aliyemwigiza ni Sydney Greenstreet, mzee wa miaka 61 aliyetumia maisha yake kwenye majukwaa ya tamthilia na hakuwahi kusimama mbele ya kamera ya filamu. Kamera wameiweka chini, hivi kwamba tumbo linajaza chumba. Gutman hakasiriki. Kila anachosema Spade anakisifu. Anamimina kinywaji, anacheka, anamwita bwana, anasema anapenda kuongea na mtu anayependa kuongea. Watu wa namna hii mnawajua. Mwenye kelele hana hatari. Wa kuogopa ni yule anayekukaribisha kiti na kukuuliza habari za watoto.

Gutman ndiye anayeeleza ndege ni nini. Mwaka 1539, anasema, mashujaa wa kikristo wa Malta walimtengenezea mfalme Charles wa Tano wa Hispania kipanga wa dhahabu, aliyejazwa vito kutoka mdomoni hadi kuchani. Maharamia wakamteka njiani. Tangu hapo amepita mikono ya wafalme, wezi, majenerali na wauza vitu vya kale, na mmoja wao akampaka rangi nyeusi ili asitambulike. Gutman amemfuata miaka 17. Historia yenyewe ina punje ya ukweli: mashujaa wale walipewa kisiwa cha Malta mwaka 1530 kwa sharti la kutoa kodi ya kipanga mmoja kila mwaka. Ila kipanga wa kodi alikuwa na damu na manyoya. Mwandishi wa riwaya, Dashiell Hammett, akamgeuza dhahabu.

Huyo Hammett alikuwa mpelelezi kweli, aliajiriwa na kampuni ya Pinkerton kabla mapafu hayajamwangusha, na kitabu chake kilitoka 1930. Nadhani ndiyo maana bei katika hadithi hii zina harufu ya kweli. Sikilizeni zinavyokwenda. Kwanza Gutman anamwahidi Spade dola 25,000 akikabidhiwa mzigo na 25,000 nyingine baadaye, au robo ya mauzo yote, achague mwenyewe. Inasikika vizuri mno. Siku ya kukabidhiana inafika, anatoa bahasha: dola 10,000. Spade analalamika. Gutman anamjibu, kwa upole uleule, kwamba wakati ule walikuwa wanaongea tu, na hizi sasa ni pesa za kushika mkononi. Na hata hizo hazikutimia! Wakihesabu tena, noti moja ya elfu haipo. Gutman anadai labda mwanamke ameiiba. Spade anamtazama machoni na kumwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeificha kiganjani. Mzee anacheka, anaitoa, anasema alitaka kuona tu Spade atafanya nini.

Nasimama hapa kidogo. Mtu anayetafuta hazina ya mamilioni anaiba noti moja kwenye bahasha yake mwenyewe, ili kupima. Sijaona filamu nyingine iliyomweleza mfanyabiashara wa namna ile kwa ufupi hivyo.

Kuna tukio jingine ambalo naomba mkilifikia mliangalie kwa makini. Spade, mara ya kwanza anapokwenda kwa Gutman na kunyimwa habari, analipuka. Anapiga kelele, anavunja bilauri, anampa mzee muda wa mwisho, anatoka akibamiza mlango. Tunasema, huyu amekasirika kweli. Kisha anafika kwenye ujia wa hoteli, peke yake, na tunamwona anatabasamu. Hasira ilikuwa ya kuigiza, ya kupandisha bei. Lakini anautazama mkono wake, na mkono unatetemeka. Humphrey Bogart hasemi neno. Kwa hiyo alijifanya, na pia aliogopa, yote mawili kwa pamoja. Waigizaji wengi wa siku hizi wangetuonyesha moja tu.

Bogart mwenyewe hakuwa chaguo la kwanza. Kampuni ya Warner Bros. ilimtaka George Raft, nyota mkubwa wa wakati ule, naye akakataa kwa kuwa mwongozaji alikuwa mgeni. Mgeni huyo ni John Huston, alikuwa hajatimiza miaka 35 na hii ndiyo filamu yake ya kwanza kuongoza. Tena hadithi ilikwisha kupigwa filamu mara mbili na kampuni hiyohiyo, 1931 na 1936. Huston alifanya kitu kilichowashinda waliomtangulia: alikiamini kitabu. Aliyachukua mazungumzo ya Hammett karibu yalivyo, akachora kwa mkono kila pembe ya kamera kabla hajaanza kupiga, na akamwita baba yake, mwigizaji Walter Huston, aje aigize dakika moja tu: nahodha Jacobi, anayeingia ofisini akiyumba, bonge la karatasi kifuani, na kuanguka amekufa. Mzigo umefika. Hakuna aliyeufungua.

Kuhusu kutokuwa na rangi. Vijana huniuliza, kwa nini tutazame kitu ambacho macho ya kawaida hayaoni? Nawaambia wajaribu kwenye skrini ndogo ya simu, usiku, umeme wa sola ukikaribia kuisha. Filamu ya rangi inageuka tope. Hii inabaki inasomeka, kwa sababu mpiga picha wake, Arthur Edeson, alichora kila kitu kwa mwanga na kivuli. Majina ya Spade na Archer yameandikwa kwenye kioo cha dirisha, na jua la mchana linayaangusha sakafuni, herufi nyeusi kubwa. Archer akitoka kwenda kufa, jina lake limelala chini. Ukiikosa mara ya kwanza, utaiona ya pili. Na ndege mwenyewe ni mweusi, kama ilivyo kwa mawe ya coltan ya hapa kwetu, ambayo mgeni akiyaona mara ya kwanza anauliza, ni haya tu? Tena simu mnayoitazamia ina chembe ya tantali ndani yake, inayoshika umeme kidogo ili mashine ifanye kazi, na Umoja wa Mataifa unasema karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia inatoka kwenye milima hii. Filamu inakuja Rubaya juu ya kitu kilichotoka Rubaya.

Mnafikiri watu wale walikuwa mbali nasi? Miaka kumi baada ya filamu hii, 1951, John Huston na Humphrey Bogart walikuja Kongo kwa miguu yao. Walishukia Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, wakateremka hadi upande wa Ponthierville, yaani Ubundu, wakapiga kambi Biondo kwenye mto Ruiki. Mto Lowa unaotoka huku kwetu unaingia Lualaba juu ya Ubundu, kwa hiyo mvua iliyonyesha Walikale mwaka ule ilipita jirani na kambi yao. Walikuwa wanapiga *The African Queen*, filamu ya rangi, pamoja na Katharine Hepburn, na Kongo yetu iliigiza kuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Sehemu nyingine waliikamilisha Uganda. Hepburn aliugua tumbo vibaya. Bogart na Huston walijisifu baadaye kwamba wao waliponea kwenye wiski, hawakugusa maji. Kwa filamu hiyo Bogart alipata Oscar yake pekee.

Kilichonikera nilipoisoma habari hii ni kingine. Wakongo walibeba vyombo vya filamu ile, walijenga kijiji cha kuigizia, walionekana mbele ya kamera. Na utawala wa Wabelgiji ulikuwa na kamati ya kuchagua filamu ambazo mtu mweusi aliruhusiwa kutazama, na za kumbi za Wazungu zilikuwa zao. Kwetu zilikuja sinema za mapadri, kama vichekesho vya Matamata na Pilipili vya Padri Albert Van Haelst, na filamu za makoboi zilizopenya Léopoldville hadi vijana wa huko wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, na kutunga lugha yao. Koboi alipita. Mpelelezi aliyevaa kofia, anayeshuku polisi na matajiri vilevile, hakufika kwa wingi. Sisemi kulikuwa na mpango. Lakini ni filamu ambayo mkoloni asingependa uitazame ukiwa na akili timamu.

Sisi Waswahili tulimpata mpelelezi wetu kupitia vitabu. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alimtoa Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, mwaka 1960: mtu wa kiko na utulivu, ndugu wa Sherlock Holmes, anayefikiri mpaka fumbo linafunguka. Kisha Mtanzania Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, jasusi wa bunduki na mapenzi, ambaye katika *Kikosi cha Kisasi* anafika hadi Kinshasa kupambana na vibaraka wa makaburu. Nawapenda wote wawili. Ila Bwana Msa ana ukweli wa kuupata, na Willy Gamba ana Afrika ya kuilinda. Spade hana hata kimoja mkononi. Ana ofisi, ana katibu mwaminifu, Effie, ana mwenzake aliyekufa ambaye hakumpenda sana. Anatembea katikati ya waongo akiwasikiliza wanavyotaja bei, na kwa kusikiliza bei anajua nani anajua nini. Kwa maoni yangu huyo ndiye mpelelezi ambaye Kivu ingeweza kumzaa.

Nimechelewa kumtaja kijana Wilmer. Gutman ana mlinzi, kijana mdogo wa uso, koti limemzidi, bastola mbili mifukoni. Sisi tungemwita kadogo, askari mtoto, na hakuna haja nieleze zaidi. Elisha Cook ndiye anayemwigiza, na macho yake hulengwa na machozi ya hasira kila anapodharauliwa. Spade anamdharau makusudi: anamvulia koti mabegani, linamfunga mikono, anamnyang'anya bastola zote mbili na kumkabidhi mkubwa wake kama mtu anayerudisha mtoto aliyepotea. Ukumbi wowote utacheka hapo. Nami nilicheka.

Halafu usiku wa mwisho unafika. Wote wamo chumbani kwa Spade wakisubiri kukuche ili mzigo uletwe: Gutman, Cairo, Brigid, kijana. Maiti zimekuwa nyingi na polisi wanataka mtu. Spade anasema wazi: tuwape mbuzi wa kafara. Anapendekeza kijana. Gutman anakataa, anasema anampenda Wilmer kama mwanawe wa kumzaa. Wanajadiliana, Wilmer akiwa amesimama palepale anasikia. Spade anataja faida, anataja hasara, anapendekeza Cairo badala yake, Cairo anapendekeza wampe mwanamke. Na polepole, bila mtu kupandisha sauti, mzee anaanza kukubali. Mwishowe anamgeukia kijana na kumwomba radhi: mwana akipotea, anasema, anaweza kupatikana mwingine, na kipanga wa Malta ni mmoja.

Hapo hapana mtu wa kwetu atakayecheka. Mji huu umepita mikononi mwa wengi, wala hamhitaji niwahesabie, na kila mkono ulikuja na vijana wake wenye makoti yaliyowazidi. Huston aliyapiga matukio yale kwa nyuso tu, uso wa anayeuza, uso wa anayenunua, uso wa anayeuzwa. Mtazameni Elisha Cook wakati ule. Kati ya wote waliomo chumbani mle ndiye pekee asiyetaja bei yoyote.

Kumekucha. Effie analeta bonge. Gutman anafungua karatasi kwa vidole vinavyotetemeka, anatoa kisu kidogo, anakwangua rangi nyeusi atafute dhahabu. Anakwangua tena. Anachanja kwa nguvu. Ni risasi tupu, yale madini mazito ya kijivu. Miaka 17! Leo kontwari, nyumba za kununua madini, zina mashine ya kushika mkononi, unaielekeza kwenye unga wa coltan inakuambia asilimia. Gutman alikuwa na kisu na imani. Cairo anamtukana, anaangukia kiti akilia kama mtoto. Mzee anashika shingo yake, anavuta pumzi. Nanyi mnajua anafanya nini? Anacheka. Jenerali mmoja Mrusi wa Istanbul aliyekuwa na ndege, anasema, ametupa bandia, kwa hiyo wa kweli bado yuko kwake. Mwaka mmoja zaidi ni kitu gani? Anamwalika Cairo waende pamoja, na Cairo anafuta machozi na kukubali. Kabla ya kuondoka Gutman anamwonyesha Spade bastola na kuomba bahasha yake irudi. Spade anabakiza elfu moja ya gharama.

Nimesoma wakosoaji wanaosema Gutman ni mtu wa ajabu, wa kubuni. Wangekuja kukaa mwezi mmoja kwenye mji wa machimbo. Shimo limetoa mawe matupu, mwenye shimo amekwisha kuuza ng'ombe, na jioni anakuambia mshipa upo, uko mita mbili mbele, tulikosea upande. Si kichaa hata kidogo. Majirani zake wawili walichimba hizo mita mbili na kweli wakaukuta.

Na yule ndege wa risasi, wa kwenye filamu, kilo karibu ishirini za bandia iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera? Novemba 2013 aliuzwa kwa mnada New York, zaidi ya dola milioni 4. Gutman angecheka hadi kupasuka.

Filamu ina madoa yake. Mashariki, kwa akili ya Hollywood ya wakati ule, ni pahali pa marashi na hila, na Cairo amefanywa wa kuchekwa kwa namna ambayo leo inaudhi. Wanawake watatu wote wanamzunguka Spade kama hawana jua lingine. Mke wa Archer, hasa, angestahili mwandishi mwenye huruma. Nayo haielezi vizuri nani alimuua nani huko katikati. Mara ya kwanza niliandika kwenye karatasi na bado sikuelewa meli ya *La Paloma*, ya yule nahodha Jacobi, ilichomwa lini. Haidhuru.

Kinachobaki ni Brigid. Spade amekwisha kuita polisi wawafuate Gutman na wenzake. Wamebaki wawili chumbani, na anamwambia anajua kwamba yeye ndiye aliyemuua Archer kule gizani. Mary Astor, aliyekuwa mwongo mtamu kwa filamu nzima, hapo anashindwa kupata uongo mwingine. Anabaki na bidhaa moja: anampenda, naye Spade anampenda, je, hilo halitoshi? Na Spade, mtu aliyepatana bei na kila aliyeingia mlangoni, mtu aliyependekeza kijana auzwe, anakataa kupatana. Anahesabu kwa sauti sababu za kumtoa kwa polisi, moja baada ya nyingine: mwenzako akiuawa hukai kimya, kazi yetu ingeharibika, nisingejua lini utanipiga risasi na mimi. Upande wa pili wa mizani anaweka kitu kimoja tu, kwamba pengine wanapendana. Analisema lile "pengine" kwa shida. Polisi wakifika anawakabidhi yeye, ndege, bastola, na ile noti ya elfu pia, kama ushahidi. Hakubakiza hata gharama.

Wenzangu ninaotazama nao wanasema hakumpenda, alikuwa anajitetea mbele ya sheria na sababu zote ni za kujificha. Mimi nasema mtu asiyependa hahesabu sababu nyingi hivyo. Angesema moja na kufungua mlango. Tumebishana hadi jenereta ya jirani ikazimwa, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mkimpata kijana wa kupakia filamu kwenye simu, mwambieni jina na mwaka, 1941, asije akawapa ile ya 1931. Wiki ijayo tutaingia Kinshasa, kwenye *Viva Riva!* ya Djo Munga ya mwaka 2010, pale mzigo ni petroli ya wizi kutoka Angola na mji mzima hauna hata tone. Huyo Riva naye ana mwanamke anayemzuzua, na wenye mzigo wanamfuata.